Kupitia kurasa zote za saraka ya Entra ID bila kuacha mtu njiani

Swali

Mimi ni ofisa TEHAMA katika taasisi moja hapa Dodoma. Tuna akaunti karibu 6,400 kwenye Microsoft Entra ID (saraka ya akaunti ya Microsoft iliyo kwenye wingu), za watumishi na wanafunzi. Niliandika skripti ya PowerShell ya kuchota orodha yote kupitia Microsoft Graph (mlango ambao programu hupitia kusoma saraka hiyo) ili niilinganishe na orodha ya utumishi. Ilileta watu 100 tu. Nikaongeza `$top=999`, bado 100. Nikahamia Python, ikaleta 999. Nikajaribu `$skip=999`, ikagoma kabisa. Sasa nafuata kiungo cha ukurasa unaofuata, ila mtandao ukikatika katikati naanza upya, na majumla hayalingani: mara 6,391, mara 6,388, mara 6,394. Baya zaidi, juzi skripti ya kufungua akaunti iliona mamia ya watumishi kuwa hawana akaunti na ikataka kuwafungulia mpya. Nitaipataje orodha kamili, na nitaiendeshaje kila usiku?

Jibu

Ndugu yangu, kwanza izime hiyo skripti ya kufungua akaunti mpaka umalize kusoma hapa. Skripti inayosoma orodha nusu haijui kwamba ni nusu. Kwake, asiyeonekana hayupo.

Tuanze na zile 100 zilizokataa kuongezeka, maana hapo Graph haina lawama. PowerShell husoma yenyewe kwanza maandishi yote yaliyo ndani ya nukuu mbili, na kila neno linaloanza na alama ya dola hulichukulia kuwa kigeu. Kwa kuwa hukuwa na kigeu kinachoitwa `$top`, mahali pake pakabaki patupu, na kwa dalili ulizoeleza ombi lililotoka kwenye mashine yako lilikuwa na `?=999`. Seva haikuona agizo la ukubwa wa ukurasa, ikatumia ukubwa wake wa kawaida, yaani 100. Tumia nukuu moja, au tanguliza alama ya kinyume kabla ya dola, hivi: `` `$top ``. Bash nayo ina tabia hiyo hiyo ndani ya nukuu mbili, na ukisahau nukuu kabisa, alama ya `&` inayotenganisha vigezo itapeleka amri yako nyuma na kukata kiungo katikati. Kagua na `$select` (ya kuchagua sehemu) na `$filter` (ya kuchuja) zako za zamani, kwa sababu nazo zilikuwa zinamezwa vivyo hivyo na hukuambiwa.

Ulipohamia Python ukapata 999 kwa sababu huko dola ni herufi tu. Hicho ndicho kikomo cha ukurasa mmoja wa `/users`. Ukiandika 1000 hupunguziwi hadi 999. Unarudishiwa kosa la 400 linalosema ukubwa lazima uwe kati ya 1 na 999. Ila usidhani kubwa zaidi ndiyo bora. Kwa akaunti 6,400, kurasa za watu 100 zinadai maombi 64, kurasa za 500 zinadai 13, na kurasa za 999 zinadai 7. Kutoka 64 hadi 13 umeokoa muda wa kweli. Kutoka 13 hadi 7 huokoi cha maana, na kila ombi linaloanguka unapoteza mzigo mara mbili. Ukichagua sehemu sita tu za kila mtu, ukurasa wa 999 ni takriban kilobaiti 300 kabla ya kubanwa, si mzigo mkubwa. Lakini kwa laini inayokatika mchana, 500 ni chaguo la busara. Ukiomba na `signInActivity`, ile taarifa ya mara ya mwisho mtu kuingia, seva yenyewe hushusha kikomo, kwa hiyo usiandike popote kwenye programu yako sharti kwamba ukurasa uliojaa lazima uwe na watu 999.

Kwa nini `$skip` iligoma

Graph inaikataa `$skip` kwenye `/users` kwa makusudi, na ujumbe wake wa kosa unasema hivyo waziwazi. Sababu yake ndiyo inayoeleza pia kwa nini majumla yako yanacheza.

Chukua orodha iliyopangwa kwa jina, ukurasa wa watu 100, na programu inayosema "ruka 100, nipe 100 wanaofuata". Umemaliza ukurasa wa kwanza na wa pili. Kabla hujaomba wa tatu, mwenzako wa kitengo cha utumishi anafuta akaunti moja iliyokuwa ukurasa wa kwanza. Wote waliobaki nyuma wanasogea nafasi moja mbele. Aliyekuwa wa 201 sasa ni wa 200. Wewe unaruka 200 na kuanza na wa 201 mpya, na yule aliyesogea hutamwona kamwe. Akaunti ikiongezwa badala ya kufutwa, mtu mmoja anajitokeza mara mbili. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo, na jumla inaweza hata kulingana kwa bahati pale anapopotea mmoja na kurudiwa mwingine. Wiki ya kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaunti zinapofunguliwa kwa mamia, hali hiyo hutokea kila dakika.

Ndiyo maana huduma kubwa za utambulisho hutumia tokeni ya kuendelea. Badala ya wewe kusema "ruka 200", seva inakukabidhi alama inayosema ilipoishia, na wewe unairudisha kama ulivyoipokea. Kwenye Graph alama hiyo imo ndani ya kiungo kizima kinachoitwa `@odata.nextLink`, na kiungo hicho kina kanuni zake ambazo watu wengi huzivunja bila kujua.

Kitumie kizima. Usichomoe `$skiptoken` iliyo ndani yake ukaibandika kwenye ombi lako jingine. Tayari kimebeba `$select`, `$filter` na `$top` za ombi la kwanza, hivyo ukiziongeza tena unaharibu. Kama maktaba yako ya HTTP inapenda kusimba upya vigezo vya anwani, mpe anwani nzima kama maandishi, usiivunje vipande na kuiunga. Tokeni iliyosimbwa mara mbili haisomeki. Na usiitunze mpaka kesho. Tokeni ya ukurasa ina muda wake, na ikipita utapata kosa lenye jina `Directory_ExpiredPageToken`. Hapo hakuna ujanja, unaanza ukurasa wa kwanza.

Kiungo hicho hakibebi heda, yaani maelezo yanayotangulia ombi. Kama ombi lako la kwanza lilikuwa na heda ya `ConsistencyLevel: eventual`, iweke tena mwenyewe kwenye kila ombi la ukurasa. Heda hiyo unaihitaji ukitumia `$search`, ukitumia `endsWith` kwenye anwani za barua pepe, au ukitaka kuchuja na kupanga kwa pamoja. Kama huna mojawapo ya hayo, iache kabisa, maisha yatakuwa mepesi.

Sasa, mwisho wa orodha unaujuaje? Kwa alama moja tu: jibu limekuja bila `@odata.nextLink`. Ukurasa wenye watu pungufu si mwisho. Hata ukurasa mtupu, wenye `value` isiyo na mtu hata mmoja, unaweza kuja na kiungo cha kuendelea, na watu wakawa nyuma yake. Programu nyingi zina mstari unaosema "kama waliokuja ni pungufu ya 999, simama". Ufute.

Mzunguko wenyewe

Huu unatosha kwa kazi yako. `heda()` ni kazi (function) unayoiandika mwenyewe inayorudisha heda zenye tokeni ya ufikiaji (kibali cha muda cha programu kuingia) iliyo hai, na `hifadhi()` inaandika ukurasa kwenye diski pamoja na kiungo kinachofuata.

```
import time, requests

url = ("https://graph.microsoft.com/v1.0/users"
       "?$select=id,displayName,userPrincipalName,"
       "employeeId,accountEnabled,userType"
       "&$top=500")
watu = {}

while url:
    jibu = requests.get(url, headers=heda(), timeout=60)
    if jibu.status_code in (429, 503, 504):
        time.sleep(int(jibu.headers.get("Retry-After", 10)))
        continue
    jibu.raise_for_status()
    data = jibu.json()
    for mtu in data["value"]:
        watu[mtu["id"]] = mtu
    url = data.get("@odata.nextLink")
    hifadhi(data["value"], url)
```

Angalia `watu` ni kamusi yenye ufunguo wa `id`, si orodha ya kawaida. Mtu akija mara mbili, rekodi ya pili inaikalia ya kwanza na jumla haiongezeki. Kosa la 429 linamaanisha umeomba kwa kasi kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa programu yako. Seva huja na heda ya `Retry-After` inayotaja sekunde za kusubiri. Zisubiri zote. Anayerudia baada ya sekunde moja kwa ukaidi huendelea kuhesabiwa na kuzuiwa. Kwa saraka yako ya watu 6,400, ombi moja baada ya jingine, 429 ingekuwa ajabu. Ukiiona, tafuta programu nyingine au uzi mwingine unaotumia utambulisho huo huo wa programu.

Kwa mtandao kukatika, funga mstari wa `requests.get` ndani ya `try`, na ukishika `requests.exceptions.RequestException` subiri kidogo kisha rudia kiungo kile kile. Weka kikomo, tuseme majaribio sita yenye kusubiri kunakoongezeka: sekunde 5, 10, 20, 40 na kuendelea. Ukiacha bila kikomo, skripti itakesha ikigonga mlango uliofungwa, na asubuhi utaikuta hai lakini haina chochote mkononi.

Kosa la 401 katikati ya kazi huwachanganya wengi, maana kurasa za mwanzo zilipita vizuri. Tokeni ya ufikiaji ya Entra ID huishi kati ya dakika 60 na 90. Kazi ya kurasa 13 haifiki huko, ila ikisubirishwa na mtandao mbovu inaweza kufika. Ndiyo sababu nimeita `heda()` ndani ya mzunguko badala ya kuiita mara moja juu. Kupata tokeni mpya ya ufikiaji hakuharibu kiungo cha ukurasa. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kuhusu kuendelea pale ulipoishia umeme ukikatika: andika ukurasa kwanza, kisha kiungo kinachofuata. Kinyume chake ni hatari. Ukiandika kiungo kwanza na mashine ikazima kabla ukurasa haujafika diski, utakapowasha utaendelea mbele na watu 500 watakuwa wamepotea kimya kimya. Ukiandika ukurasa kwanza, baya linaloweza kutokea ni kuusoma mara mbili, na `id` inalimaliza hilo. Njia nadhifu ni faili dogo la SQLite lenye jedwali la watu na jedwali la kiungo, vyote viwili vikiandikwa ndani ya muamala mmoja. Kama mashine imelala saa nyingi, usijisumbue na kiungo cha zamani, anza upya. Ni maombi 13 tu.

Usipotaka kuandika mzunguko, moduli ya Microsoft Graph ya PowerShell inapita kurasa yenyewe:

```
Get-MgUser -All -PageSize 500 -Property id,displayName,userPrincipalName,employeeId,accountEnabled,userType
```

Bila `-All` inarudi kwenye zile 100. Inafaa kwa kuchungulia. Kwa kazi ya usiku kwenye mtandao wako siipendi, kwa kuwa ikianguka ukurasa wa tisa, kurasa zote nane za nyuma zimeanguka nayo.

Majumla yasiyolingana

6,391, 6,388 na 6,394 zinaweza zote kuwa sahihi. Saraka ya wingu haikupi picha iliyoganda. Unaposoma ukurasa wa nane, ule wa kwanza una dakika kadhaa tangu uusome na huenda umeshabadilika. Tena data yenyewe imekaa kwenye nakala nyingi za hifadhidata zinazofuatana kwa kuchelewa kidogo. Akaunti iliyofunguliwa sasa hivi inaweza kuonekana kwa ombi moja na isionekane kwa ombi la sekunde inayofuata. Tofauti ya watu sita katika 6,400 ni mwendo wa kawaida wa siku ya kazi. Tofauti ya 500 au 1,000 kamili ni ukurasa uliopotea.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha, omba `https://graph.microsoft.com/v1.0/users/$count` ukiwa na heda ya `ConsistencyLevel: eventual`. Itakurudishia namba tupu. Iombe kabla ya mzunguko na baada yake. Idadi ya `id` ulizokusanya iwe katikati ya namba hizo mbili au karibu nazo sana. Mimi ningekubali pengo la asilimia moja. Zaidi ya hapo kazi ijitangaze imeshindwa na faili la jana libaki mahali pake.

Kabla hujalinganisha na orodha ya utumishi, jua pia nani anahesabiwa. `/users` inajumuisha wageni walioalikwa kutoka nje, ambao `userType` yao ni `Guest` na jina lao la kuingilia huwa na `#EXT#` katikati. Inajumuisha akaunti zilizofungwa. Inajumuisha na visanduku vya barua vya pamoja na vya vyumba vya mikutano, kama mnatumia Exchange Online. Haijumuishi zilizofutwa: hizo hukaa siku 30 kwenye hazina ya vilivyofutwa kabla ya kupotea kabisa. Mtumishi aliyefutwa kimakosa juzi hayumo kwenye orodha yako, lakini anarudishika na sanduku lake la barua. Kabla ya kumfungulia mtu akaunti mpya, tazama `/directory/deletedItems/microsoft.graph.user`. Nayo ina kurasa.

Kuna mtego mmoja wa `$select` ambao ningeuogopa kuliko yote haya. Usipotaja sehemu unazotaka, Graph hukupa sehemu chache za kawaida: jina, barua pepe, simu, cheo, ofisi na nyingine za aina hiyo. `accountEnabled` haimo. `employeeId` haimo. Ukiisoma `accountEnabled` bila kuiomba, Python inakupa `None`, na sharti la `if not mtu.get("accountEnabled")` litaichukulia kuwa akaunti imefungwa. Taasisi nzima itaonekana imefungwa. Andika `is False`, na `None` ikijitokeza isimamishe kazi.

Na usioanishe watu kwa majina. Ukitafuta Mazengo kwenye saraka ya taasisi ya Dodoma utapata ukoo mzima, na akina Neema John hawahesabiki. Kuna wenye majina matatu upande wa utumishi na mawili kwenye saraka, na wanaobadili jina la mwisho wakiolewa, ambapo jina la kuingilia nalo hubadilika. Jaza cheki namba kwenye `employeeId` kwa watumishi na namba ya usajili kwa wanafunzi, kisha oanisha kwa hiyo. Ihifadhi kama maandishi, si tarakimu. Anayefungua faili la CSV kwa kulibofya mara mbili kwenye Excel hupoteza sifuri za mwanzo, na akilihifadhi upya amekuharibia ufunguo. Ndani ya hifadhidata yako, ufunguo mkuu ubaki `id` ya Entra, kwa kuwa haibadiliki hata mtu akibadili jina, idara na anwani.

Tarehe nazo zitazame. `createdDateTime` imeandikwa kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Akaunti iliyofunguliwa Dodoma saa saba usiku ya Julai 1 itasomeka `06-30T22:00:00Z`. Ukitoa ripoti ya akaunti mpya za mwaka wa fedha bila kuongeza saa tatu, hiyo itaangukia mwaka uliopita, na mkaguzi atauliza.

Kila usiku

Kuchota watu 6,400 kila usiku kunawezekana, lakini kuna njia nyepesi: ombi la mabadiliko, `/users/delta`. Mara ya kwanza linakupa kila mtu, ukurasa kwa ukurasa, kwa `@odata.nextLink` ile ile. Ukurasa wa mwisho hauna `nextLink`, una `@odata.deltaLink`. Huo ndio unaoutunza. Usiku unaofuata unauita, na seva inakupa waliobadilika tu tangu jana: siku tulivu, watu kumi au ishirini. Ukimaliza unapata `deltaLink` mpya, unaitunza badala ya ile ya zamani.

`$select` unaitaja kwenye ombi la kwanza pekee, nayo inaamua mabadiliko gani utaarifiwa. Usipoitaja `accountEnabled` mwanzoni, hutajua mtu akifungwa. Kuchuja kwa `userType` huku hakufanyi kazi, kwa hiyo wageni watoe upande wako. Mtu yule yule anaweza kuletwa zaidi ya mara moja, na mpangilio hauna ahadi. Kamusi ya `id` inakuokoa tena. Aliyeondolewa huja na alama ya `@removed`: sababu ikiwa `changed`, amefutwa lakini bado anarudishika ndani ya zile siku 30, ikiwa `deleted`, amekwisha.

Tokeni ya `deltaLink` kwa vitu vya saraka huishi siku saba. Seva ya ofisi ikizimwa likizo ya mwisho wa mwaka kwa siku kumi, ukirudi utapata kosa linalokutaka uanze upya. Programu ishike kosa hilo na kufanya mzunguko mzima yenyewe, bila kumwamsha mtu. Hata mambo yakienda vizuri, ningefanya mzunguko mzima kila Jumapili usiku na kulinganisha na kile delta ilichojenga wiki nzima. Tofauti zikitokea, uamini mzunguko mzima.

Matokeo yaandike kwenye faili la muda, na libadilishwe jina kuwa faili rasmi pale tu ukaguzi wa idadi unapopita. Skripti ya kufungua akaunti isome faili rasmi peke yake. Nayo iwe na breki: ikiona watu zaidi ya, tuseme, 20 wa kufunguliwa usiku mmoja nje ya kipindi cha kupokea wanafunzi, isimame na kumtumia mtu barua pepe. Breki hiyo peke yake ingelikuokoa juzi.

Programu ya kusoma ipe ruhusa ya `User.Read.All`, si ya kuandika. Ya kufungua akaunti iwe na utambulisho wake tofauti. Watu huzichanganya kwa uvivu wa kuomba idhini ya msimamizi mara mbili, kisha siri ya programu ikivuja aliyeipata anaweza kufuta, si kusoma tu. Faili lenyewe lina majina na cheki namba za maelfu ya watu, na tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika kwenu kama kwa wengine. Omba sehemu unazohitaji tu. Huhitaji `mobilePhone` kujua nani ana akaunti.

Siku moja mtahamia au kuunganisha huduma nyingine, na wazo ni lile lile kwa majina tofauti. Saraka ya Google Workspace inatoa 100 kwa kawaida na 500 kwa kikomo, na unarudisha `nextPageToken` kama `pageToken`. Okta hutoa 200 na kuweka kiungo cha kuendelea kwenye heda ya `Link`, kwa hiyo ukisoma mwili wa jibu peke yake utadhani umefika mwisho. Amazon Cognito haivuki 60 kwa ukurasa. Keycloak bado inatumia kuruka kwa hesabu, `first` na `max`, pamoja na hatari zake zote za juu. Mifumo inayozungumza SCIM (kanuni ya pamoja ya kubadilishana akaunti kati ya mifumo) ina `startIndex` inayoanza na 1, si 0, na hapo ndipo mtu wa kwanza au wa mia hupotea. Active Directory ya ndani, kama mnayo, hukata kwenye 1,000 kwa ombi moja la LDAP (lugha ya kuuliza saraka) usipowasha usomaji wa kurasa.

Kabla hujaiwasha ya usiku, ijaribu kwa kurasa ndogo. Weka `$top=5`, na mwanzoni ongeza `$filter=startswith(displayName,'Ma')` ili upate kurasa nyingi za watu wachache. Iache imalize mara moja bila kuguswa, tunza `id` zote. Iendeshe tena, na ukurasa wa tatu ukipita chomoa waya wa mtandao kwa dakika moja. Mara ya tatu, iue programu yenyewe katikati na uiwashe upya ndani ya dakika chache. Seti tatu za `id` zikilingana, rudisha `$top=500`, ondoa kichujio, na ipangie saa nane usiku.